Biofizikia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka zaidi kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita na wale wa mwaka wa kwanza chuoni. Mengine huulizwa na wazazi wanaotaka kujua kitu gani hasa mtoto wao anataka kwenda kusomea. Ruka swali lisilokuhusu.

Biofizikia ni nini hasa?

Ni kuuliza maswali ya fizikia kuhusu vitu vilivyo hai: nguvu kiasi gani, kasi gani, umeme kiasi gani, kwa muda gani. Mwanabiolojia atakuambia kwamba msuli hujikunja kwa sababu protini ya mayosini huvuta nyuzi za aktini. Mwanabiofizikia atakubali, halafu atauliza molekuli moja ya mayosini huvuta kwa nguvu kiasi gani, kisha atahangaika miaka akitafuta namna ya kuipima. Jibu lilipatikana: ni pikonewtoni chache tu (pikonewtoni moja ni sehemu moja ya trilioni ya newtoni). Kipimo hicho kilifanyika kwa kushika vishanga vidogo kwa mwanga wa leza, mbinu iliyompa Arthur Ashkin sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2018.

Ina tofauti gani na biokemia, na ile fizikia ya hospitalini?

Mpaka wake na biokemia umefifia. Watu wengi wanafanya zote mbili na hawajisumbui na jina. Fizikia tiba ni jambo jingine. Yule anayepanga dozi ya mionzi kwa mgonjwa wa saratani pale Ocean Road, Dar es Salaam, ni mwanafizikia tiba. Ana mafunzo yake, na kosa lake linaweza kumuumiza mtu siku hiyohiyo. Mwanabiofizikia kwa kawaida hamgusi mgonjwa.

Nipe mfano mmoja usio na hesabu nzito.

Tuchukue oksijeni. Ndani ya maji, na mwili kwa sehemu kubwa ni maji, molekuli za oksijeni husambaa zenyewe kwa kugongana ovyo, bila kusukumwa na chochote. Umbali ukiongezeka mara 10, muda wa kusambaa huongezeka mara 100. Kuvuka mikromita 10, kadiri ya upana wa seli moja, huchukua takriban sekunde 0.025. Kuvuka sentimita 1 kungechukua kama saa 7. Kuvuka mita 1, karibu miaka 8.

Ziweke namba hizo tatu pamoja, kisha utazame upya ulichosoma kwenye biolojia. Bakteria hana moyo kwa kuwa hauhitaji. Minyoo bapa waishio majini hawana mapafu wala mishipa ya damu, na ubapa wao ndio unaowaokoa, maana hakuna seli yao iliyo mbali na maji ya nje. Sisi tulio wanene tumelazimika kuwa na pampu kifuani na mtandao wa mishipa midogo unaofika karibu na takriban kila seli. Kanuni ya mtawanyiko huo iliandikwa mwaka 1855 na Adolf Fick, Mjerumani aliyekuwa mtaalamu wa fiziolojia, na leo wahandisi wanaitumia kwa vitu visivyo na uhai kabisa.

Fani hii ilianza lini?

Wengi huanzia Bologna, kwa Luigi Galvani na miguu ya chura iliyoruka ilipoguswa na umeme. Aliandika matokeo yake mwaka 1791. Hermann von Helmholtz akapima kasi ya ujumbe kwenye neva ya chura karibu mwaka 1850, akapata takriban mita 30 kwa sekunde. Wakati huo wakubwa wa fani walikuwa wakisema kasi hiyo haiwezi kupimika.

Kwangu mimi hadithi yenyewe iko Plymouth, Uingereza, na mhusika mkuu ni ngisi, jamaa wa hawa tunaowanunua Soko la Feri. Ngisi ana uzi wa neva mnene hadi milimita 1, unaonekana kwa macho na unaweza kupenyezewa waya ndani. Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliutumia kupima mikondo ya sodiamu na potasiamu inavyopita kwenye utando wa neva, na mwaka 1952 wakatoa milinganyo inayoeleza jinsi ujumbe unavyozaliwa na kusafiri. Kompyuta ya Cambridge haikuwa ikipatikana, kwa hiyo Huxley alikokotoa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, kazi ya majuma. Milinganyo ikatabiri kasi ya mita 18.8 kwa sekunde. Kasi iliyopimwa kwenye ngisi mwenyewe ilikuwa 21.2.

Hebu fikiria ujasiri wa kazi hiyo. Milinganyo yao ilitaka utando uwe na vitu kama milango midogo inayofunguka na kufunga kwa kuamriwa na volti, na hakuna aliyewahi kuona mlango hata mmoja. Mwaka 1976 Erwin Neher na Bert Sakmann, kule Göttingen, walirekodi mkondo wa mlango mmoja peke yake. Mwaka 1998 maabara ya Roderick MacKinnon ikatoa umbo la mlango wa potasiamu, atomu kwa atomu. Kutoka mlinganyo hadi picha ni miaka 46, na kila hatua ilipata Nobel yake: 1963, 1991 na 2003.

Sisi huku inatuhusu nini?

Inatuhusu kupitia damu, kwanza kabisa.

Selimundu ndio ugonjwa wa kwanza kuelezwa kuwa ni hitilafu ya molekuli. Linus Pauling na wenzake, mwaka 1949, waliweka himoglobini ya wagonjwa kwenye uga wa umeme wakaona inakwenda kwa namna tofauti na ya watu wengine. Baadaye ikabainika kwamba asidi amino moja tu imebadilika kwenye mnyororo. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ndiye aliyeonyesha mwaka 1954 kwamba anayebeba nakala moja ya jeni hiyo hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana jeni imebaki kwa wingi kwetu Tanzania, Uganda na Kongo.

Sasa njoo kwenye fizikia yake. Himoglobini ya selimundu ikishaachia oksijeni huanza kushikana na kutengeneza nyuzi ngumu, na nyuzi hizo ndizo zinazopinda seli kama mundu. Lakini hazianzi papo hapo. Kuna muda wa kusubiri kwanza, na muda huo hutegemea mno msongamano wa himoglobini ndani ya seli. William Eaton na James Hofrichter walipoupima Marekani miaka ya 1970, walikuta utegemezi huo unakaribia kipeo cha 30. Kwa kipeo hicho, punguza msongamano kwa asilimia 1 tu na muda wa kusubiri unarefuka kwa kama theluthi moja. Seli nyekundu huvuka mshipa mwembamba kwa muda wa kama sekunde moja au mbili. Ikiwahi kutoka kabla nyuzi hazijaanza, imepona. Ikichelewa, inakwama na maumivu yanaanza. Kwa hiyo daktari anaposisitiza mgonjwa asikaukiwe maji, na anapompa hydroxyurea, dawa inayoongeza himoglobini ile ya mtoto aliye tumboni, vyote viwili vinanunua muda kwenye hesabu hiyohiyo.

Mfano wa pili uko Kilifi. Kuna kundi la damu liitwalo Dantu, adimu sehemu nyingi za dunia lakini si adimu pwani ya Kenya, na wenye nalo hupata malaria kali mara chache zaidi. Watafiti wa Kilifi wakishirikiana na wenzao wa Cambridge walichukua damu ya watoto 42 wakatazama kwa hadubini na kamera ya kasi vimelea vikijaribu kuingia kwenye seli. Utando wa seli nyekundu hauachi kutetemeka, na kutokana na mtetemo huo unaweza kukokotoa umekazwa kiasi gani. Seli za Dantu zilionekana kuwa zimekazwa zaidi, na mkazo ukipita kiwango fulani kimelea hushindwa kupenya. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 2020. Ninaipenda kazi hii kuliko nyingi: swali limetoka wodini, jibu limetoka kwenye fizikia ya utando, na sampuli zimetoka kwa watoto wa kwetu.

Zile mashine za kushika kiganjani zinazopima mwili mzima kwa dakika moja, hiyo si biofizikia?

Hapana, japokuwa wauzaji wanapenda sana maneno yetu: mawimbi, nishati, kwanta. Kifaa cha kushika kiganjani kinaweza kupima namna ngozi inavyopitisha umeme, na hiyo hubadilika kwa jasho, joto na jinsi ulivyokaza mkono. Hakina njia ya kutoa humo habari za ini, figo na upungufu wa madini kwa orodha ya kurasa kumi.

Linganisha na kipimo cha umeme wa moyo, ECG. Kinapima volti ndogo, kama millivolti 1 kwenye ngozi, lakini tunajua inatoka kwenye msuli gani, kwa nini inapanda na kushuka, na waya zibandikwe wapi. Mtu akikuuzia kipimo, muulize kinapima kiasi gani cha kitu gani, na kipimo kikirudiwa baada ya dakika tano majibu yanakuwa yaleyale? Swali la pili ndilo huwavunjia biashara.

Wanabiofizikia wana vyama gani?

Kikubwa ni Biophysical Society cha Marekani. Mkutano wake wa kwanza ulifanyika Columbus, Ohio, Machi 1957, na jarida lake, Biophysical Journal, lilianza 1960. Wanachama ni maelfu na hawatoki Marekani pekee. British Biophysical Society iliundwa 1960. Vyama vya Ulaya viliungana chini ya EBSA mwaka 1984. Juu ya vyote kuna IUPAB, muungano wa kimataifa ulioundwa 1961, ambao wanachama wake ni vyama au vyombo vya nchi, si mtu mmoja mmoja. Hufanya kongamano kila baada ya miaka mitatu kwa kawaida. La 2024 lilikuwa Kyoto, Japani. Ukitazama ramani ya nchi zake, upande wa Afrika una nafasi nyingi tupu.

Kwa mwanafunzi, faida ya kadi ya uanachama ni ndogo kuliko anavyodhani; faida iko kwenye punguzo la ada ya mkutano na ruzuku za safari. Angalia kama kuna ada ya mwanafunzi au ya nchi yenye kipato cha chini kabla hujalipa chochote.

Mkutanoni kunafanyika nini?

Ule mkutano wa mwaka wa Marekani, ambao kawaida huwa Februari, una mihadhara mingi inayokwenda kwa wakati mmoja, lakini kazi halisi iko kwenye ukumbi wa mabango. Kila mtafiti anabandika bango lake, anasimama kando yake kwa muda aliopangiwa, na watu wanapita. Anayesimama mbele yako anaweza kuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, anaweza kuwa yule uliyemnukuu kwenye aya ya pili. Atakuambia tu, "Nieleze."

Uwe na maelezo ya dakika moja, na mengine ya dakika tano kwa atakayebaki. Grafu moja kubwa katikati ya bango inazidi sita ndogo. Chapisha kwenye kitambaa, likunjwe liingie begini, maana bomba la plastiki huleta ugomvi uwanja wa ndege. Na mambo mawili huwaponza watu wetu kila mwaka. La kwanza ni viza: omba barua ya mwaliko siku ileile muhtasari wako unapokubaliwa. La pili ni kwamba maombi ya ruzuku ya safari hufungwa miezi kadhaa kabla ya mkutano, mara nyingi wakati bado unajiuliza kama data zako zinatosha. Tuma hivyohivyo.

Makala wanachapisha wapi, na nitazisomaje bila pesa?

Wengi huweka rasimu kwanza kwenye bioRxiv, hazina iliyoanza 2013. Kusoma ni bure, kuweka ni bure, lakini kumbuka rasimu haijapitiwa na wanataaluma wengine. Baada ya hapo makala huenda jaridani, ambako watu wawili au watatu wa fani huikagua na mara nyingi huirudisha na madai ya nyongeza. Vyuo na taasisi nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda hupata majarida ya kulipia kupitia Research4Life, mpango wa kuzipa nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu. Muulize mkutubi, huenda nenosiri lipo na halitumiki. Zaidi ya hapo, mwandikie mwandishi mwenyewe. Karibu wote hutuma nakala kwa furaha.

Ukipokea barua pepe inayokuita "Msomi Mtukufu" na kukuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu kwa malipo, ifute.

Je, wanawake wana nafasi?

Picha mashuhuri kuliko zote za fani hii, ile ya eksirei ya DNA iitwayo Picha 51, ilipigwa Mei 1952 na Raymond Gosling akiwa mwanafunzi chini ya Rosalind Franklin, katika kitengo cha biofizikia cha King's College London. Mapema 1953 James Watson, aliyekuwa akitafuta umbo la DNA na Francis Crick, alionyeshwa picha hiyo bila Franklin kujua. Nobel ya 1962 kwa umbo hilo ilikwenda kwa Watson, Crick na Maurice Wilkins wa King's College. Franklin alikuwa ameshafariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37, na Nobel haipewi marehemu. Kwa hiyo jibu la kihistoria si zuri. Margaret Dayhoff, aliyeanzisha matumizi ya kompyuta kulinganisha protini, alikuja kuwa rais wa Biophysical Society, na tuzo yenye jina lake hutolewa kwa wanawake walio mwanzoni mwa kazi. Iombe, au mpendekeze unayemfahamu.

Nichukue PCM (fizikia, kemia, hisabati) au PCB (fizikia, kemia, biolojia)?

Kwa maoni yangu PCM hukuacha na nafasi zaidi, kwa sababu biolojia unaweza kuisoma mwenyewe ukubwani, ilhali wachache hujifunza kalkulasi ukubwani. Lakini waliosoma PCB na BAM, lile somo la hisabati ya msingi, wapo wengi kwenye fani hii. Wanachopaswa kufanya ni kutoikimbia hesabu chuoni: takwimu, milinganyo ya mabadiliko (differential equations), na lugha moja ya kuandikia programu za kompyuta. Anza na Python.

Hatuna vifaa. Tutafanya nini?

Ni kweli hatuna. Afrika haina hata sinkrotroni moja, ile mitambo mikubwa ya eksirei kali inayotumika kupata maumbo ya protini; watu hupeleka sampuli Ulaya, au Jordan kwenye SESAME iliyofunguliwa 2017.

Hata hivyo kuna kazi zisizosubiri mtambo. Hadubini ya OpenFlexure huchapwa kwa printa ya 3D, michoro yake ni ya bure, na husogeza sampuli kwa hatua ndogo kuliko mikromita moja. Taasisi ya Afya Ifakara na karakana moja ya Dar es Salaam zimeshiriki kuiboresha kwa ajili ya kutambua malaria. Maumbo ya protini yako wazi kwenye Protein Data Bank, iliyoanza 1971 na sasa ina zaidi ya 200,000. Programu ya GROMACS ya kuiga mwendo wa molekuli ni ya bure, vivyo hivyo ImageJ ya kupima picha. Ukiwa na kompyuta ya kawaida na umeme usiokatika sana, unaweza kuiga protini ndogo usiku kucha.

Si AlphaFold, ile programu ya akili mnemba, imeshamaliza kazi yote?

Imemaliza sehemu moja iliyokuwa ngumu mno, kubashiri umbo la protini, na waliohusika walipata Nobel ya kemia 2024. Lakini umbo ni protini ikiwa imetulia. Inafunguka kwa kasi gani, inavuta kwa nguvu gani, inabadilikaje kwenye joto la nyuzi 40 la mtoto mwenye homa? Hayo bado yanataka mtu mwenye kipimo.

Kazi zipo?

Tangazo lenye neno "mwanabiofizikia" hutaliona mara nyingi gazetini. Watu huajiriwa kwa majina mengine: mhadhiri wa fizikia, mtafiti wa malaria, mchambuzi wa data za afya, mtaalamu wa vifaa vya maabara. Anayetaka ajira ya uhakika nchini mapema namshauri fizikia tiba. Anayetaka utafiti ajiandae kwa uzamili na uzamivu, pengine nje, na kwa miaka kadhaa ya mikataba mifupi. Kigali kuna tawi la Afrika Mashariki la ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, lililofunguliwa 2018 ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, linalotoa uzamili wa fizikia. Ni mlango wa karibu kwa asiye na nauli ya Ulaya.

Barua ya kumwomba profesa nafasi niiandikeje?

Fupi, aya tatu. Ya kwanza: wewe ni nani na unaomba nini, kwa mwezi gani. Ya pili: makala yake ipi umeisoma, na swali moja la kweli ulilobaki nalo, mfano kwa nini alipima kwa nyuzi 25 na si 37. Ya tatu: unachoweza kufanya tayari, pamoja na kiungo cha programu uliyoandika au ripoti ya mradi wako. Usianze na "Dear Sir" bila jina, maana wengi wao si "Sir", na barua iliyotumwa kwa maprofesa arobaini hujulikana kwa mstari wa kwanza. Asipojibu baada ya wiki mbili, mkumbushe mara moja, kisha mwandikie mwanafunzi wake wa uzamivu. Yule hujibu.